Kiti cha mtoto kimetununisha

Leo nusura tugombane dukani, mimi na baba watoto. Kisa? Kiti cha mtoto cha kwenye gari.

Mdogo ana miezi kumi. Siku zote nampakata tu kwenye Vitz yetu, kama tulivyopakatwa sisi. Juzi pale Mwenge daladala ikatuchomekea, breki ya ghafla, na mikono yangu ikashindwa kumzuia. Hakuumia. Ila usingizi sina.

Basi leo tukaingia madukani. Mwenzangu kapenda kinachotazama mbele: "Mtoto aone barabara, asilie." Mimi nataka kinachotazama nyuma. Kichwa cha mtoto kizito, shingo bado laini. Gari likigonga kwa mbele, mgongo wa kiti ndio unapokea kishindo. Vile vya R129, kiwango cha usalama cha Umoja wa Mataifa kwa viti vya watoto, vinataka atazame nyuma mpaka apite miezi 15.

Bei sasa! Tukahamia mtumba. Tukapata kimoja kisafi, bei poa. Nikakipindua. Chini plastiki ina ufa mwembamba kama unywele, na lebo ya kiwango imebanduliwa, imebaki gundi tu.

"Dada, hicho kimetumika kidogo sana Ulaya."

Kidole changu kikaganda pale kwenye ufa. Nikawa namuwaza aliyekikalia.

Tumerudi mikono mitupu. Baba watoto yuko kochini, anachungulia simu, anauliza kama Vitz yetu ina vile vyuma vya ISOFIX vya kushikizia kiti cha mtoto.

Wazazi wenzangu, nyie mlichukua kipi? Na miguu ikianza kugusa siti mnafanyaje?