Nilivyoliandaa gari la nyumbani kwa mashindano yangu ya kwanza ya mita 402

Gari langu ni Corolla 110, injini ya 5A, gia tano za mkono. Siku za kazi mke wangu anaendea kazini nalo, jioni linabeba ndoo za samaki, na Jumapili linatupeleka Mikindani watoto wakiwa wamebanana nyuma. Lilipotoka kiwandani lilikuwa na nguvu za farasi 100 hivi. Zimebaki ngapi baada ya miaka yote hii ya chumvi ya Mtwara, Mungu anajua. Ndilo nililoingiza kwenye mashindano ya kukimbia mstari ulionyooka, mita 402, yaani robo maili.

Kosa ni la shemeji. Yeye ndiye aliyepata habari kwamba kuna kipande cha lami upande wa Lindi kitafungwa kwa siku moja, kibali cha polisi kipo, gari la wagonjwa litakuwepo, na kuna daraja la magari ambayo hayajaongezwa nguvu. "Shemeji, weka jina, mengine tutajua huko mbele." Nikaweka. Zilikuwa zimebaki wiki sita, na mfukoni nina laki mbili na nusu za kuchezea.

Nilikwenda gereji na orodha yangu: eksozi kubwa, filta ya hewa ya wazi, rimu. Fundi wangu ni mtu mzima, namwamkia shikamoo, na ana tabia ya kukusikiliza mpaka mwisho huku akifuta mikono. Nilipomaliza akasema, "Mwanangu, hilo gari kwanza tulirudishe lilivyotoka kwao." Basi orodha ikabaki mfukoni. Kutoka siku ile mpaka siku ya mashindano hatukuongeza hata farasi mmoja, tulikuwa tunawatafuta waliopotea.

Wa kwanza tuliwakuta chini ya mguu wangu. Fundi alinikalisha kwenye usukani, injini imezimwa, akaniambia nikanyage mafuta mpaka mwisho. Yeye akafungua bomba la hewa na kuchungulia kile kibati kinachofunguka ndani ya throto, mlango wa hewa ya injini. "Kanyaga." Nimekanyaga. "Nimesema kanyaga!" Mzee, nimefika chini. Kibati kilikuwa kimefunguka kama robo tatu tu. Kebo ilikuwa imelegea, halafu chini ya pedali kulikuwa na kapeti nene la raba ambalo mke wangu alilinunua kwa ajili ya mchanga. Tulikaza nati mbili za kebo, tukatoa kapeti, kazi ya dakika kumi. Miaka mitatu nimelilaumu gari kwamba ni zito, kumbe sijawahi kulifungulia hewa yote.

Wa pili walikuwa kwenye gurudumu la nyuma kushoto. Tulipiga jeki, gia ikiwa huru na breki ya mkono imeshushwa, tukazungusha kila tairi kwa mkono. Kulia lilizunguka vizuri. Kushoto lilienda nusu mzunguko likasimama. Kirekebishio cha breki kilikuwa kimeliwa na kutu, shuu zinagusa ngoma muda wote. Anayekaa pwani hahitaji maelezo marefu hapo. Tulisafisha, tukapaka grisi, tukarekebisha, na kwa kuwa magurudumu yalishatoka tukabadilisha mafuta ya breki pia. Hayo hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa, na yenye maji yakipata moto yanachemka, pedali inazama. Wengi wanawaza kuondoka, lakini baada ya mstari wa mwisho unatakiwa kusimama kutoka spidi 120.

Plagi zilinitia hasira. Nilinunua nne katika duka moja mjini, boksi linang'aa, bei nzuri. Siku ya pili injini ikaanza kukosa mchomo kila nikipanda mwinuko. Fundi alizitoa, akaweka moja juu ya benchi pembeni ya ile ya zamani, hakusema kitu. Nyuzi zilikuwa zimechongwa vibaya na ncha imekaa upande. Tulirudisha zile za zamani baada ya kuzisafisha na kupima nafasi, wiki iliyofuata nikapata za kweli kwa bei karibu mara mbili.

Mengine nayapita haraka: oili ya injini na ya gia boksi, filta mpya ya hewa ya kawaida kabisa, mauntingi moja (raba inayoshika injini) iliyopasuka, betri kufungwa isicheze, nati za magurudumu kukazwa kwa spana ya kipimo hadi Nm 103. Rejeta tuliiachia maji matupu kwa siku ya mashindano, maana ile dawa ya kupozea ikimwagika kwenye lami inateleza kama sabuni, na nyuma yako kuna mwenzako anakuja kwa kasi.

Klachi tuliipima kabla ya kuihukumu. Gia ya nne, spidi 40, unakanyaga mafuta yote kwa ghafla. Injini ikipiga kelele na gari lisiifuate, klachi inateleza. Yangu ilishika. Nikafurahi, nikadhani nimemaliza, kumbe kazi yenyewe ilikuwa haijaanza.

Sikujua kuondoka. Naendesha gia za mkono tangu nikiwa kijana, lakini kuondoka kwenye taa za barabarani ni jambo jingine kabisa. Shemeji alituombea uwanja wa ghala la korosho. Msimu ulikuwa bado, uwanja mtupu, sakafu ya zege. Mlinzi, mzee wa makamo, aliitikia salamu yetu kisha akauliza, "Mmekuja kujifunza au kuvunja?" Tukamwambia kujifunza. Akavuta kiti kivulini akakaa kama mtu aliyekata tiketi.

Nikiachia klachi na mafuta kidogo, gari linazama, linakohoa, linazima. Nikizidisha mafuta, tairi za mbele zinalia na gari halisogei, kwa sababu gari la kuvuta mbele likiondoka uzito unarudi nyuma na kuzipunguzia tairi za mbele mshiko. Katikati pana upenyo mwembamba. Dashibodi yangu haina geji ya mzunguko wa injini, kwa hiyo upenyo ule niliutafuta kwa sikio: ile sauti ya injini ilipoacha kunguruma na kuanza kuimba. Hapo naishikilia, naleta klachi mpaka inapoanza kushika, naiacha iteleze kwa muda wa pumzi moja, halafu naiachia yote huku mguu wa kulia unashuka. Jioni moja majaribio nane, basi. Siku ya kwanza nilifanya ishirini na harufu ya klachi ikamfanya mzee ahamishe kiti. Nilijifunza pia kusogeza kiti changu mbele, mguu wa kushoto ufike chini bila kunyooka kabisa, na kuvaa viatu vya soli nyembamba. Siku ya kwanza nilikuwa na kandambili. Msifuate.

Bila geji ya mzunguko, nitajuaje muda wa kubadili gia? Nilikaa na kalamu. Gia boksi yangu inagawa mara 3.5 kwenye gia ya kwanza, 1.9 ya pili, 1.3 ya tatu, kisha mara 4 na kidogo nyingine mwishoni, na tairi likizunguka mara moja linakwenda kama mita 1.8. Injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, ya kwanza inaishia karibu spidi 45, ya pili 84, ya tatu 122. Nikabandika vipande viwili vya utepe mwekundu kwenye kioo cha spidi, 45 na 84. Shemeji alicheka, mimi sikujali.

Kubadili kwenyewe nilifanyia mazoezi gari likiwa limezimwa, nimekaa nje ya nyumba usiku, majirani wanapita. Ya kwanza kwenda ya pili ni kuvuta moja kwa moja huku umeegemeza kushoto. Ya pili kwenda ya tatu ndiko watu wanakoharibu, kwa kuwa wanakishika kipini kwa ngumi na kukielekeza. Fungua kiganja, sukuma mbele tu. Springi yenyewe inakirudisha kati, gia inaingia. Ukilazimisha unaweza kujikuta umerudi ya kwanza ukiwa spidi 84, na hapo injini haitakusamehe.

Tulitoka Mtwara alfajiri, kilomita 100 na ushei, taratibu. Mwezi wa nane, upepo wa kusi umekaza na hewa imepoa. Hewa ya usawa wa bahari ni nzito, na kwa injini isiyo na tabo, ile pampu ya kuisukumia hewa, hiyo ni zawadi: kila ukipanda mita 300 unapoteza kama asilimia tatu ya nguvu, kwa hiyo gari kama langu kule Mbeya lingekuwa mgonjwa. Tulipofika tulishusha tairi la akiba, jeki, boksi la spika, madumu mawili, na chini ya viti tukachota mchanga na maganda ya korosho ya kujaza sahani. Jumla kama kilo 45. Wazoefu wanakadiria uzito huo ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mafuta yalikuwa robo tangi. Upepo wa tairi nikaweka 26 mbele ili zishike, 36 nyuma ili zizunguke kwa wepesi.

Kofia ngumu tuliazima kwa bodaboda. Bima niliiuliza mapema: mashindano hayamo. Kwa hiyo nilijua kila kitakachovunjika ni changu.

Hapakuwa na taa, kulikuwa na mtu wa bendera. Mara ya kwanza nilizima gari. Mbele ya watu wote, Starlet jeupe limeshaondoka, mimi natafuta ufunguo. Sauti ya mlinzi wa ghala ilinijia kichwani: kujifunza au kuvunja?

Mara ya pili niliondoka vizuri, ila kusi lilikuwa limemwaga mchanga upande wangu na tairi zikateleza kidogo. Kisha nikafanya ujinga: spidi 115, mstari uko pale, nikaingiza ya nne. Gari likalegea kama limekata tamaa. Sekunde 18.3 kwa saa ya mkono.

Nikafungua boneti injini ipoe, nikafagia njia yangu kwa ufagio wa chelewa, watu wakatazama. Mara ya tatu niliacha kuitazama bendera, nikatazama bega la anayeishika, maana bega ndilo linaloanza kusogea. Klachi, pumzi moja, chini. Utepe wa kwanza, vuta. Utepe wa pili, kiganja wazi, sukuma. Ya tatu ikaanza kulia, nikaiacha ilie mpaka mwisho. Sekunde 17.6. Starlet ni jepesi kuliko langu kwa zaidi ya kilo 100 na lilinitangulia tena, ila safari hii nililisoma namba ya nyuma.

Jumatatu mke wangu alikwenda kazini na gari. Alirudi jioni, akasimama mlangoni na ufunguo mkononi.

"Baba watoto, hili gari mmelifanya nini? Nagusa tu, linaruka."

Nikaanza kumweleza habari za kebo na kibati cha hewa. Akanikatiza.

"Sawa. Na kapeti langu liko wapi?"