Akaunti ya mgeni ikae dakani: ninavyofunga kompyuta ya nyumbani hapa Lamu

Kompyuta yetu hapa Langoni haipumziki. Watoto wa jirani wanakuja kuprinti kazi za shule, jamaa wakishuka kutoka Faza na Siyu wanataka kuingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na Mfungo Sita ukifika, wageni wa Maulidi wanajaa nyumba nzima na kila mmoja ana tiketi ya kutoa. Kumnyima mgeni kompyuta ni aibu. Kumwachia akaunti yako iliyo wazi nako ni wazimu. Nyumba za kale za mji huu zililimaliza jambo hili zamani: mgeni anakaribishwa dakani, yaani ukumbi wa mlangoni, anakaa barazani, anakunywa kahawa yake, na ndani haoni. Kompyuta nimeipanga hivyohivyo.

Yetu ina Windows 11 Home. Kwenye Windows 10 hatua karibu zote ni zilezile, ila muda wake wa kawaida wa kusaidiwa na Microsoft uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo usiitegemee kulinda kitu cha maana.

Sikuanzia kwa mgeni, nilianzia kwangu mwenyewe. Kompyuta nyingi za nyumbani zina akaunti moja tu, na hiyo moja ndiyo yenye mamlaka yote, aina inayoitwa Administrator. Chochote unachokifungua humo, hata faili chafu kutoka kwenye flashi ya mtu, kiko hatua moja tu kutoka kwenye funguo zote za nyumba: dirisha linatokea, linauliza Yes au No, na mkono uliozoea unabonyeza Yes. Akaunti ya kila siku ikiwa ya kawaida, yaani Standard, dirisha hilohilo linadai nywila ya msimamizi. Tofauti ni hiyo tu, na inazidi faida ya programu nyingi za kulipia.

Kwa hiyo nilitengeneza akaunti ya pili, nikaiita fundi, isiyotumika kwa kazi yoyote ila kusakinisha na kurekebisha. Andika cmd kwenye Start, bofya kulia, chagua Run as administrator, kisha:

net user fundi * /add
net localgroup Administrators fundi /add

Ile nyota inakufanya uulizwe nywila mara mbili bila herufi kuonekana. Ukiiandika nywila palepale kwenye mstari inabaki wazi kwenye skrini, na macho ya sebuleni hayakosi kazi. Kama nywila inapita herufi 14, huenda ukaonywa kuhusu kompyuta za kabla ya Windows 2000. Jibu Y uendelee.

Sasa toka, ingia kama fundi, hakikisha nywila inakubali. Usiruke hapa. Ukiishusha akaunti yako kabla ya kuijaribu ile ya fundi, na kumbe uliikosea nywila, umejifungia nje ya nyumba yako na ufunguo uko ndani. Ukisharidhika, ukiwa bado ndani ya fundi, nenda Settings, Accounts, Other users, gusa akaunti yako ya siku zote, Change account type, chagua Standard User.

Ndipo zamu ya mgeni. Windows za zamani zilikuja na akaunti ya Guest ya kuwasha na kuzima. Tangu Windows 10 imeondolewa kwenye mipangilio, na jina Guest lenyewe limehifadhiwa, ukijaribu kulitumia linakataliwa. Jina la Kiswahili halina shida. Kwenye cmd ileile ya Run as administrator, andika:

net user mgeni * /add
net user mgeni /passwordchg:no

Mstari wa pili unamzuia mgeni mmoja asibadilishe nywila akawafungia wenzake. Lakini hapo pana mtego. Akaunti iliyotengenezwa kwa amri hii inarithi kanuni ya nywila kuisha baada ya siku 42. Siku hizo zikitimia, kompyuta inamwambia mgeni abadilishe nywila, na wewe umeshamkataza kubadilisha. Basi anakwama mlangoni, anadhani mmemfungia kwa makusudi. Akaunti ya fundi nayo inaingia kwenye mkumbo huohuo. Dawa yake ni mstari mmoja:

net accounts /maxpwage:unlimited

Kuisha kwa nywila kila baada ya siku kadhaa hakusaidii sana nyumbani. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, tangu 2017 inashauri watu wasilazimishwe kubadilisha nywila kwa kalenda, wabadilishe pakiwa na dalili kwamba imevuja. Anayelazimishwa huongeza 1 mwishoni, kisha 2, kisha 3.

Ukitaka kumwekea mgeni saa za kutumia, hasa kama wageni wenyewe ni watoto:

net user mgeni /times:M-Su,08:00-21:00

Kompyuta haijui saa zetu. Hapo nimeandika saa mbili asubuhi hadi saa tatu usiku. Ukiandika 02:00 ukikusudia saa mbili asubuhi, umefungua saa nane usiku wa manane. Na ujue amri hii inazuia kuingia tu. Aliyeingia saa tatu kasorobo hatatolewa saa ikigonga, wewe ndiye utakayemwambia kwaheri.

Ukimaliza, andika net user mgeni peke yake usome majibu. Mstari wa Local Group Memberships uwe na *Users basi. Ukiona *Administrators hapo, kazi yote imekuwa bure.

Sasa nywila zenyewe. Ya mgeni naifanya nyepesi, maneno mawili, kwa sababu itatangazwa sebuleni, na nyuma yake hakuna cha kuiba. Nguvu naziweka kwenye ya fundi na yangu. Niliandika orodha ya maneno 216 ya kawaida, nikayapa namba za dado tatu, kutoka 111 hadi 666. Ukirusha dado tatu mara tano unapata maneno matano, na michanganyiko inayowezekana ni zaidi ya bilioni 470. Mfano, na usiuchukue huu: jahazi-ufuta-kelele-ndoo-shemeji. Unakaa kichwani kwa siku mbili. Sharti ni dado zichague, si wewe. Anayejichagulia huangukia kwenye methali, aya anayoipenda au beti la utenzi, na hapa Lamu beti hilo hata jirani analijua kwa moyo.

Nilitumia kistari kati ya maneno kwa sababu maalumu. Laptopu nyingi za mtumba zina kibodi ya Uingereza, huku Windows ndani imepangwa kama ya Marekani. Alama ya @ na ile ya kunukuu zinabadilishana mahali, na kwenye skrini ya kuingia huoni ulichoandika isipokuwa ubonyeze kijicho. Mtu anaapa kwamba nywila ni ileile ya jana, na kweli ni ileile, ila kidole kinatoa alama nyingine. Kistari na herufi za kawaida ziko mahali pamoja kwenye kibodi zote mbili.

Ya fundi nimeiandika kwenye karatasi, ikafungwa kabatini pamoja na hati za nyumba. Wengine wanashtuka wakisikia karatasi. Lakini mwizi wa mtandaoni hafiki kabatini kwangu, na nywila hiyo ikipotea hakuna wa kunisaidia. Mahali pabaya ni chini ya kibodi.

Jambo lililo hatari kuliko nywila dhaifu ni yale maswali matatu ambayo Windows inauliza unapotengeneza akaunti ya ndani kupitia Settings. Jina la utani la utotoni. Mji uliozaliwa. Jina la binamu yako mkubwa kuliko wote. Haya yalitungwa na mtu asiyewahi kuishi Lamu! Hapa muuza viazi karai anayajua yote ya kwako, na atakayeyajibu matatu anapewa nafasi ya kuweka nywila mpya. Akaunti iliyotengenezwa kwa net user haiulizwi maswali hayo, na hiyo ni sababu nyingine ya kupenda njia ile. Kama akaunti yako tayari ina majibu, nenda Sign-in options uyabadilishe yawe ya uongo: binamu yangu mkubwa kwa mujibu wa kompyuta ni aina ya samaki. Majibu hayo nayo yamo kwenye karatasi ya kabatini.

Tahadhari moja kabla hujaizoea amri ya net user: usiitumie kubadilisha nywila ya akaunti yako unayoitumia kila siku. Windows inahesabu kwamba nywila imewekwa upya na mtu mwingine, na nywila za tovuti zilizohifadhiwa kwenye kivinjari zinaweza zisifunguke tena. Yako ibadilishe kwa Ctrl, Alt na Delete, kisha Change a password, ambapo unaulizwa kwanza ile ya zamani.

Ili mtu asikae kubahatisha, niliongeza:

net accounts /lockoutthreshold:5 /lockoutduration:30 /lockoutwindow:30

Makosa matano, akaunti inafungwa dakika 30. Watoto wakichezea jina lako kwenye skrini watakufungia na wewe, kwa hiyo usiteremshe chini ya 5.

Pengo ambalo wengi hawalioni ni diski ya D. Folda zako zilizo chini ya C:\Users zimefungwa, akaunti ya kawaida ikigusa ya mwenzake inakataliwa. Lakini folda uliyoitengeneza moja kwa moja juu ya C au kwenye D iko wazi kwa kila aliye na akaunti, kusoma na hata kufuta. Na D ndiko tunakoweka picha za harusi na nakala za vitambulisho! Nilifunga hivi:

icacls "D:\Nyaraka" /inheritance:r /grant:r "mwenyewe:(OI)(CI)F" "fundi:(OI)(CI)F" "SYSTEM:(OI)(CI)F"

Badala ya mwenyewe weka jina la akaunti yako, na usipolijua vizuri andika whoami ukiwa ndani ya akaunti hiyo. Amri hii inafanya kazi tu kwenye diski iliyopangwa kwa mfumo wa NTFS. Flashi na diski za nje za FAT32 au exFAT hazina kufuli za namna hii, zifunge kabatini. Kisha ingia kama mgeni ujaribu kuifungua folda. Usiamini mpaka ukataliwe.

Kwa upande wa kivinjari, wageni wanasahau barua pepe zao wazi kuliko wanavyosahau kandambili msikitini. Ndani ya akaunti ya mgeni nilibofya kulia njia ya mkato ya Chrome, Properties, na mwisho wa kisanduku cha Target, nje ya alama za kunukuu, nikaongeza nafasi na --guest. Chrome inafunguka bila kumbukumbu na inajisahaulisha mgeni akifunga madirisha yote. Faili alizopakua hazifutiki, zinabaki Downloads, na huko ndiko utakakokuta tiketi na nakala za pasipoti za watu. Mimi nazifuta kila Ijumaa.

Yote haya hayamzuii anayeondoka na laptopu yenyewe. Akiichomeka flashi yenye Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, anasoma diski bila kuuliza nywila ya mtu. Dawa ni Device encryption, iliyoko Settings chini ya Privacy & security, kama kompyuta yako inayo. Inataka uwe na akaunti ya Microsoft, na ufunguo wa dharura wa tarakimu 48 unahifadhiwa huko. Unakili kwenye karatasi ileile, kwa sababu mabadiliko ya BIOS, programu ya msingi inayowasha kompyuta, yanaweza kuifanya kompyuta iudai asubuhi moja bila taarifa.

Maulidi yakiisha na wageni wakishapanda boti, akaunti nzima naifuta na kuianza upya, maana programu nyingine hujisakinisha ndani ya akaunti ya kawaida bila kuomba ruhusa ya fundi. Lakini net user mgeni /delete inafuta jina tu, folda ya C:\Users\mgeni inabaki na kila kilichomo. Ifute kwanza kupitia Settings, Other users, Remove, ukubali kufuta akaunti pamoja na data yake.