Usihesabu matoleo, hesabu siku za kushika seva

Madevelopa wa Mbeya na Iringa wakikaa kuchagua zana za mradi mpya, hoja moja haikosi kutupwa mezani: "Chukua hii, inatoa apdeti kila mara, ina maana iko hai." Kwangu hicho ni kipimo kibovu. Zana inayotoa toleo kila wiki sita inaweza isikusumbue miaka kumi, na inayotoa mara moja kwa mwaka ikakutoa jasho kila inapotoka. Cha kulinganisha ni vitu vitatu: toleo linatunzwa (linaendelea kurekebishwa na wenyewe) muda gani, kuhama kwenda toleo jipya kunavunja nini, na kuhama huko kunakula MB ngapi.

Tazama kalenda tatu. Python, lugha ya kuandikia programu, hutoa toleo kubwa kila Oktoba, utaratibu ulioanza na 3.9 mwaka 2020, na kila toleo hutunzwa miaka 5. PHP, lugha ya kuandikia tovuti, huja mara moja kwa mwaka, kwa kawaida Novemba, na sasa hutunzwa miaka 4: miwili ya kurekebisha kila kitu, miwili ya usalama tu. PHP 8.2 inakoma 31 Desemba 2026, 8.3 mwaka mmoja baadaye. Laravel, kiunzi cha kujengea tovuti kwa PHP, nayo ni mara moja kwa mwaka, robo ya kwanza, ila hitilafu za kawaida hurekebishwa kwa miezi 18 na za usalama kwa miaka 2, basi. Ukihesabu matoleo, hizi tatu zinalingana kabisa. Ukihesabu mzigo, hazikaribiani.

Kisha kuna hesabu ambayo wengi huipiga vibaya. Miaka 5 ya Python si miaka 5 mkononi mwako, kwa sababu hakuna mwenye akili anayehamishia mfumo wa SACCOS kwenye toleo siku linapotoka. Maktaba nyingi (msimbo wa wengine unaoutegemea) zinakuwa bado hazijalifikia. Aliyekaa na 3.9 hadi ilipokoma Oktoba 2025 akahamia 3.13 amebakiwa na miaka 4, kwa sababu 3.13 ilitoka Oktoba 2024. Django, kiunzi cha tovuti cha Python, inakuonyesha vizuri zaidi. Hutoa toleo kila miezi 8, na toleo la muda mrefu kila miaka 2, linalotunzwa miaka 3. Toleo la 4.2 lilitoka Aprili 2023 na mwisho wake ni Aprili 2026, linalofuata, 5.2, lilitoka Aprili 2025. Ukisubiri 4.2 ifikie mwisho ndipo uhame, 5.2 inakuwa imeshatumia mwaka wake mmoja. Kwa hiyo kwa mwendo wa kawaida unahama kila miaka 2, sawasawa na mtu wa Laravel anayeruka toleo moja kila mara. Zile kelele za Django kuwa na utulivu zaidi ya Laravel haziko kwenye idadi ya safari. Ziko kwenye onyo: ukiendesha majaribio kwa `python -Wa manage.py test`, unaonyeshwa mapema mistari itakayokufa kwenye toleo lijalo, na unaweza kuirekebisha kidogo kidogo ukiwa bado kwenye la zamani.

Lugha za Rust na Go ndizo zinazovuruga hesabu ya watu. Rust hutoa toleo kila wiki 6, na ni toleo la mwisho tu linalotunzwa. Go hutoa Februari na Agosti, na toleo hutunzwa hadi yatoke mawili mapya, yaani takriban mwaka mmoja. Ukiishia kwenye urefu wa matunzo, hizi ni za kukimbia. Lakini Go iliahidi mwaka 2012, ilipotoa toleo la 1, kwamba msimbo ulioandikwa wakati huo utaendelea kukubalika, na Rust inafanya vivyo hivyo tangu 1.0 ya Mei 2015: mabadiliko ya kuvunja huwekwa kwenye "edisheni" (2015, 2018, 2021, 2024) ambazo unachagua mwenyewe kwenye Cargo.toml, faili la mipangilio ya mradi. Kupandisha toleo ni kuendesha `rustup update`, kujenga upya, kuendesha majaribio, kurudi kwenye kazi. Kinyume chake ni TypeScript, JavaScript yenye ukaguzi wa aina za data, ambayo hutoka takriban kila miezi 3 na haifuati ile kanuni ya namba tatu, ambapo namba ya kwanza ndiyo huonya kwamba kitu kitavunjika. Kutoka 5.4 kwenda 5.5 kunaweza kukuletea makosa mapya ya aina. Kwa hiyo kwenye package.json (faili lenye orodha ya maktaba za mradi) iandike kwa `~` badala ya `^`, upate viraka (marekebisho madogo) bila kuruka toleo.

Sasa, kupima mwenyewe bila kumaliza bando. Kwa maktaba za npm (ghala la maktaba za JavaScript) amri ni moja, hapa kwa Express, maktaba ya kujengea seva:

`npm view express time --json`

Inakuletea kila toleo na tarehe yake. Ukitaka idadi ya mwaka fulani, ongeza `| grep -c '"2024-'`. Angalia mitego miwili. Kwanza, orodha ina mistari ya "created" na "modified" ambayo si matoleo. Pili, na huu ndio mkubwa, matoleo ya majaribio yamo yote. Ijaribu kwa React, maktaba ya kujengea kurasa: utaona maelfu, kwa sababu matoleo ya "canary" na "experimental" husukumwa karibu kila siku. Matoleo makubwa yenyewe yalikuja taratibu: 17 Oktoba 2020, 18 Machi 2022, 19 Desemba 2024. Mtu asiyechuja ataapa React inabadilika kila asubuhi. Chuja kwa `grep -v -E 'alpha|beta|rc|canary|experimental|next'` kabla ya kuhesabu.

Kwa zana zilizoko kwenye git (mfumo wa kutunza historia ya msimbo), amri hii inasoma majina ya tagi (alama za matoleo) tu, haipakui msimbo:

`git ls-remote --tags --refs https://github.com/django/django.git`

Usisahau `--refs`. Bila hiyo, tagi zenye maelezo hujitokeza mara mbili, ya pili ikiwa na `^{}` mwishoni, na idadi yako itakaribia kuwa maradufu. Tarehe haziji hapo. Ukizihitaji, fanya `git clone --bare --filter=tree:0`, ambayo inaleta historia bila mafaili, kisha ingia ndani ya folda na upange tagi:

`git for-each-ref --sort=creatordate --format='%(creatordate:short) %(refname:short)' refs/tags`

Kuna wanaopitia API (mlango wa programu kuuliza data) ya GitHub. Bila kujitambulisha unaruhusiwa maombi 60 kwa saa kwa kila anwani ya IP, na kwenye intaneti ya simu watu wengi hutumia anwani moja kwa nje. Unaweza kukataliwa kwa kosa la 403 kwenye ombi lako la kwanza kabisa, mtu mwingine ameshazimaliza. Weka tokeni (ufunguo wa akaunti yako).

Ukishapata tarehe, usichukue wastani. Chukua pengo la katikati: panga mapengo yote kuanzia dogo hadi kubwa, soma lililo katikati. Wastani huharibiwa na dharura. Desemba 2021 Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za mfumo, ilitoa 2.15.0, 2.16.0, 2.17.0 na 2.17.1 ndani ya mwezi mmoja, si kwa uchangamfu, bali nyumba ilikuwa inaungua: kiraka cha kwanza hakikuziba tundu lote. Mtu anayehesabu tu atampa Log4j alama za juu kwa mwezi ule.

Ukimya nao una sura mbili. Express ilikaa kwenye 4 kuanzia 2014 hadi 5 ilipotoka 2024, na katikati viraka viliendelea kuja. Huko ni kukomaa. Moment.js, maktaba ya kushughulikia tarehe, ilitangaza Septemba 2020 kwamba haiongezi kitu kipya. Hiyo ni kustaafu kwa heshima, na kwa mradi mpya usiichukue. Kutofautisha, angalia vitu viwili: tarehe ya kiraka cha mwisho cha usalama, na kama ripoti za hitilafu zinajibiwa na mtu mwenye ruhusa ya kubadilisha msimbo. Tarehe ya badiliko la mwisho pekee hudanganya, kwa sababu roboti za kupandisha maktaba huacha alama kila wiki hata wenye mradi wakiwa wameshaondoka.

Tuje kwenye MB, maana huku wengi tunafanya kazi kwa bando la simu. Kabla ya kupakua chochote kikubwa, uliza ukubwa wake:

`curl -sIL KIUNGO | grep -i content-length`

Soma mstari wa mwisho, kwa sababu ya juu inaweza kuwa ya kurasa za kupitishwa, kisha gawa kwa 1048576 upate MB. Pakua kwa `wget -c`, umeme ukikatika uendelee ulipoishia. Kihariri cha msimbo VS Code, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikitoka kila mwezi, kiwekee `"update.mode": "manual"` na `"extensions.autoUpdate": false`. Hii ya pili ndiyo wengi huisahau, na viongezi ndivyo vinavyonyonya bando kimyakimya. Kwa Rust, endesha `rustup set profile minimal` kabla ya kusakinisha toolchain (kikompaila na zana zake), uepuke nyaraka ambazo hupakuliwa upya kila wiki 6. Kwa Gradle, zana ya kujenga app za Android, fungua gradle-wrapper.properties na hakikisha anwani inaishia kwa `-bin.zip`, si `-all.zip`, ile ya pili inakuja na nyaraka na msimbo wa chanzo usiouhitaji kujenga app. Umeme ukikukatikia katikati ya apt (kisakinishi cha Debian na Ubuntu), `sudo dpkg --configure -a` kwanza, kabla ya kujaribu lolote lingine. Kwenye npm usihangaike kurekebisha, futa folda ya node_modules uendeshe `npm ci`.

Flutter, zana ya kutengeneza app za simu, inastahili aya yake kwa sababu gharama yake haionekani kwenye namba ya matoleo. Toleo thabiti hutoka takriban kila miezi 3, hilo si tatizo. Tatizo ni mnyororo: Flutter mpya inadai Android Gradle Plugin (AGP) mpya, hiyo inadai Gradle mpya, nayo inataka JDK (zana za Java) inayoendana nayo (AGP 8 inahitaji Java 17), na lugha ya Kotlin inafuata nyuma. Ukikutana na "Unsupported class file major version 65", maana yake Java uliyonayo ni 21 na Gradle ya mradi ni ya zamani kiasi cha kutoielewa. 61 ni Java 17. Usianze kufuta mradi. Endesha `flutter doctor -v` uone Java ipi inatumika, kisha ielekeze kwa `flutter config --jdk-dir` au pandisha Gradle kwenye wrapper. Juu ya hayo yote, Play Store ina kalenda yake: kwa kawaida kila 31 Agosti kiwango cha chini cha API inayolengwa (namba ya toleo la Android ambalo app imetengenezewa) kwa apdeti mpya hupanda, na mwaka 2025 kilikuwa API 35. Hata zana zako zote zikilala mwaka mzima, hiyo haikwepeki.

Na Agosti kwa mtu anayehudumia AMCOS (vyama vya ushirika) za kahawa Mbozi ni katikati ya msimu, mizani inafanya kazi na wakulima wanasubiri malipo. Hapo ndipo kulinganisha zana kunapata maana: weka tarehe za mwisho wa matunzo juu ya kalenda ya mteja. Node 22 (inayoendesha JavaScript kwenye seva) inakoma 30 Aprili 2027, ambayo kwa kahawa ni kabla ya msimu, vizuri. Python na hifadhidata ya PostgreSQL hukoma Oktoba na Novemba, kahawa ikiwa inaisha lakini wauza pembejeo wa Makambako ndiyo wanapamba moto. Kwa SACCOS inayofunga hesabu Desemba, PHP kukoma tarehe 31 ya mwezi huohuo ni mgongano wa wazi. Hamisha Septemba, usingoje. Tarehe hizi huna haja ya kuzikariri, `curl https://endoflife.date/api/nodejs.json` inakupa zote kwa kilobaiti chache.

Jambo la mwisho ni kuchelewa kwa makusudi. Machi 2024 Andres Freund aligundua mlango wa siri ndani ya xz, zana ya kubana mafaili kwenye Linux, matoleo 5.6.0 na 5.6.1; waliokuwa kwenye Debian thabiti (Linux isiyokimbilia matoleo mapya) hawakuguswa, kwa kuwa ilikuwa haijawafikia. Septemba 2025 maktaba za chalk na debug kwenye npm zilitiwa sumu na kuondolewa siku hiyohiyo. Aliyesubiri wiki moja hakuona kitu. Kwa npm tumia `npm install --before=` ukifuatisha tarehe ya wiki moja nyuma; kwa uv (kisakinishi cha maktaba za Python) ni `--exclude-newer`. Isipokuwa kiraka cha usalama kinachotaja hitilafu kwenye sehemu unayoitumia kweli: hicho kiweke siku hiyohiyo, msimu uwe msimu. Kwenye seva yenyewe usiendeshe `composer update` (composer ni kisakinishi cha maktaba za PHP) wala `npm install` tupu. Ni `composer install` na `npm ci`, ili kinachoingia kiwe kilekile ulichokijaribu kwenye laptopu.