Ripoti ya Mikopo na Funguo za Stoo

Mwezi uliopita niliomba kazi ya mkataba wa miezi sita hapa Tanga, kazi ya kutunza stoo ya vifaa vya ujenzi kwa mkandarasi mdogo ambaye naye amepewa kipande cha kazi na mkandarasi mkubwa. Kazi yenyewe ninaijua, kwa kuwa nimeshika funguo za stoo kwa miaka 14, Pongwe, Mabawa na kwingineko, na ninajua mfuko wa saruji ulioanza kuganda kwa kuugusa tu pembeni. Viambatisho vilivyotakiwa vilikuwa vilevile tulivyovizoea: namba ya kitambulisho cha taifa, namba ya mlipakodi, barua ya serikali ya mtaa na majina ya wadhamini wawili. Chini kabisa kilikuwapo kipya, ambacho sikuwahi kuombwa tangu nianze kazi hii: ripoti ya taarifa za mikopo ya mwombaji, iliyotolewa ndani ya siku 30.

Niliitafuta, nikaipata, nikaichapisha katika duka la steshenari pale Ngamiani na kuisoma nikiwa nimesimama kando ya mashine. Ilikuwa na kurasa tatu, na katika ukurasa wa pili palikuwa na mstari mmoja ulioniangusha: mkopo wa simu wa shilingi 180,000, salio sifuri, malipo yalichelewa zaidi ya siku 90. Mstari huo ni wa kweli na sina ninachokanusha ndani yake. Ila haukueleza kwamba wakati huo nilikuwa natunza stoo ya jengo ambalo mkandarasi wake alinikalisha miezi minne bila malipo, kila nikiuliza naambiwa hati ya malipo iko mezani kwa mhasibu, na kwamba nilikopa ili kodi ya nyumba isinipite na watoto wapate kula. Siku niliyolipwa ndiyo siku niliyolimaliza deni lile, pamoja na tozo zake zote. Mkopeshaji hanidai, ila kumbukumbu ya kuchelewa inabaki.

Katika ofisi ya mkandarasi mdogo, pale Chumbageni, nilipokelewa na binti mpole, ambaye aliniamkia vizuri na kunipa kiti.

"Baba, mimi uzoefu wako siukatai," alisema baada ya kufungua kurasa zile. "Ila masharti haya si yetu, yametoka kwa mkandarasi mkuu. Ripoti ikiwa na ucheleweshaji, jina halipiti."

"Mwanangu, umeona kwamba deni limeisha?"

"Nimeona, baba. Kinachoangaliwa ni historia."

Sikumlaumu, na hata leo simlaumu, kwa sababu yeye hakuliandika sharti lile. Ninachotaka kulizungumza ni sharti lenyewe, ambalo naona linaenea taratibu katika kazi za mikataba, na ambalo linatuumiza sisi tusio na mshahara wa mwisho wa mwezi kuliko mtu mwingine yeyote.

Utaratibu wa taarifa za wakopaji nchini kwetu umejengwa juu ya Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006 na kanuni zilizotungwa mwaka 2012, ambazo ziliweka kanzidata ya taarifa za wakopaji chini ya Benki Kuu na kuruhusu kampuni binafsi zenye leseni kuandaa ripoti kutokana na taarifa hizo. Shabaha yake ilikuwa kumwezesha mkopeshaji kumjua anayemkopesha, na kwa shabaha hiyo ninauunga mkono kwa moyo wote, maana benki ikimjua mlipaji mzuri ina sababu ya kumpunguzia riba. Mkandarasi wa majengo, hata hivyo, hanikopeshi chochote. Mimi ndiye ninayemkopesha yeye, kwani ninamfanyia kazi siku 30 kabla hajanipa shilingi, na mara nyingi siku hizo huwa 60 au 90. Katika mapatano yetu, anayestahili kuchunguzwa kama ana desturi ya kulipa kwa wakati ni yeye, na hakuna mahali popote ambapo mimi, mtunza stoo, ninaweza kufungua ukurasa nikaona ni vibarua wangapi aliowakalisha. Kuchelewa kwake kunazaa kuchelewa kwangu, lakini kunakoandikwa ni kwangu tu.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa mtaani wataliona upesi kuliko watu wa ofisini. Jirani yangu mmoja, fundi wa kuchomelea, kila mwaka hukopa kwa wakopeshaji wa mtaani tunaowaita kausha damu, akiwawekea rehani televisheni na mtungi wa gesi. Mikopo ile haimo katika kanzidata yoyote, kwa hiyo ripoti yake ingetoka safi kabisa, ilhali mimi niliyekopa kwa njia inayotambulika ndiye mwenye doa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni na kuzipiga marufuku, na hatua hiyo ilikuwa njema; lakini sharti la aina hii linamfundisha kibarua kinyume chake, kwamba ni heri akopee gizani. Tena jirani huyo hakuomba kazi ile, ingawa walihitajika wachomeleaji. Alipoona neno mikopo katika tangazo, alilikunja na kuondoka.

Sheria zetu hazijanyamaza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi kadhaa, mmojawapo ukiwa hali ya maisha ya mtu, na inamhesabu mwombaji wa kazi kuwa mfanyakazi kwa madhumuni ya kifungu hicho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililokusudiwa zilipokusanywa. Mimi si mwanasheria, lakini naamini vifungu hivi vinatosha kumfanya mkandarasi aeleze kwa nini anazihitaji kurasa zangu tatu.

Huko Marekani, ambako desturi hii ina umri mrefu, sheria ya mwaka 1970 inamtaka mwajiri apate idhini ya maandishi ya mwombaji, na akikusudia kumkataa kwa sababu ya ripoti ampe kwanza nakala yake. Majimbo kadhaa yamekwenda mbali zaidi na kuwabana waajiri wasiitumie ila kwa kazi chache, likiwamo Washington mwaka 2007 na Oregon mwaka 2010. Huko Oregon, mwakilishi wa TransUnion, kampuni inayouza ripoti hizo, alikiri mbele ya watunga sheria kwamba hawakuwa na utafiti unaoonyesha uhusiano kati ya yaliyomo katika ripoti na utendaji wa mtu kazini au uwezekano wake wa kufanya udanganyifu. Kilichonisikitisha ni kwamba baadhi ya mahakama za huko zimeamua kuwa kinga za sheria ile ya 1970 hazimfikii anayefanya kazi kwa mkataba binafsi. Kumbe hata huko, mtu wa mkataba ndiye anayeachwa nje ya uzio.

Nakubali kwamba mwenye stoo ana haki ya kuogopa wizi. Lakini njia zake zipo, nazo ni za zamani: wadhamini wanaojulikana, kuhesabu mali kila wiki, makabidhiano ya maandishi, na bima ya uaminifu, ile inayomfidia mwajiri mfanyakazi akiiba, kwa wanaoshika fedha taslimu. Stoo ya mwisho niliyoikabidhi ilikuwa na upungufu wa mifuko sita ya saruji, yote iliyoloweshwa na mvua, yote ikiwa imeandikwa daftarini siku ileile na kusainiwa na msimamizi. Daftari hilo ninalo, na hakuna aliyeniomba.

Jumatatu nilirudi Chumbageni na barua ya ukurasa mmoja. Nimeomba mambo matatu: ripoti ya mikopo iombwe kwa wanaoshika fedha tu, mwombaji apewe nafasi ya kujieleza kabla ya jina lake kukatwa, na deni lililolipwa lisihesabiwe. Nimeambatisha nakala za kurasa nne za daftari. Yule binti aliisoma yote, akaigonga mhuri wa kupokelewa, akaniambia ataipeleka kwa mkandarasi mkuu pamoja na faili langu.