Kulala kabla jibu halijaja

Zaburi ya 131 ina aya tatu tu. Ukiisoma kwa sauti haimalizi dakika, na nadhani ndiyo maana wengi huipita wakikimbilia ya 121 au ya 91. Mimi nimekaa nayo miaka. Kina mama wenzangu kanisani huniuliza swali lile lile kwa maneno mbalimbali: wewe na mtoto wa seli mundu, na mahamri ya alfajiri juu yake, usingizi unautoa wapi? Nimeona niandike kwa kirefu, maana pale nje ya kanisa watu wakiagana huwa naishia nusu ya jibu.

Mwanangu wa kwanza alipimwa akiwa hajatimiza mwaka. Vidole na nyayo zilikuwa zimevimba, ukimgusa tu analia. Daktari alitukalisha mimi na mume wangu akatueleza kwa upole kwamba kila mmoja wetu alikuwa amebeba chembe ya ugonjwa huu bila kujua, na kwamba kila mimba yetu ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto kama yeye. Seli zake nyekundu za damu zikikosa oksijeni hujipinda, zikawa na umbo la mundu, zikakwama katika mishipa midogo. Hapo ndipo maumivu yanapoanzia. Baridi huyaleta, kiu huyaleta, homa huyaleta. Basi nikajifunza kazi: chupa ya maji isimwache, sweta miezi ya baridi ya kusi hata watoto wengine wakitembea kifua wazi, chandarua kila usiku, foliki, penisilini, na baadaye haidroksiyurea, dawa ya kupunguza mashambulizi ya maumivu. Hayo nayafanya hadi leo na sitayaacha.

Kilichokuwa kikinimaliza ni ile zamu ya pili, ya usiku. Nilikuwa nalala mkono uko kwenye paji la uso wake. Akigeuka, nimeamka. Akikohoa, taa nimeshawasha. Mume wangu ni dereva wa lori, safari zake ni za Malaba, mpakani na Uganda. Akipiga simu saa saba usiku kutoka njiani, hunikuta macho. Saa tisa nainuka kukanda unga, kwa sababu hapa Kisauni, Mombasa, mtu wa kibarua akikosa mahamri na mbaazi saa kumi na mbili, kesho atanunua kwa mwingine. Na katikati ya hayo naomba, naomba sana, lakini maombi yangu yalikuwa ratiba tupu. Bwana, wiki ya mtihani asiumwe. Bwana, mvua ikianza, awe nyumbani. Nikisema amina, moyo haujaweka kitu chini, unaendelea kuhesabu.

Zaburi ya 127 inasema, "Kazi yenu ni bure, ninyi mnaoamka mapema, na kukawia kwenda kulala, na kula chakula cha taabu. Yeye humpa mpenzi wake usingizi." Miaka hiyo aya hiyo ilikuwa ikinichoma. Nilikuwa najiuliza, je, mimi si mpenzi wake?

Kuna usiku mmoja tulipanda tuktuk kupitia Kengeleni, tukavuka Daraja la Nyali hadi hospitali moja kisiwani. Kifua kilikuwa kinambana mtoto, magoti hayakunjiki. Alipotundikiwa maji na kupewa dawa ya maumivu, akatulia. Mimi nikabaki nimesimama kando ya kitanda, macho kwenye matone. Muuguzi wa zamu, mama wa makamo, alinitazama kwa muda kisha akasema, "Mama, lala. Mimi niko macho hadi asubuhi. Ukisimama hapo hamna unachoongeza." Aliyasema kwa huruma, na yalikuwa kweli. Nikatandika leso sakafuni, nikalala hadi adhana ya alfajiri.

Sidai kwamba ule ulikuwa usiku wa imani kubwa. Nilikuwa nimechoka tu. Ila Bwana ana njia yake na watu waliochoka, na kwa hili naomba msome tena 1 Wafalme 19. Eliya amekimbia, ameketi chini ya mti wa mretemu, ameomba afe. Sisi tungemfanyia mahubiri. Mungu hakumwambia hata neno la kumkaripia. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akamwambia, "Inuka, ule," na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Akaguswa mara ya pili, akalishwa tena. Maswali ya Horebu yalikuja baadaye, mtu akiwa ameshiba. Siku ile tuliporudi kutoka hospitali, jirani yangu wa nyumba ya pili, Mwislamu, mtu mzima kuliko mamangu, alibisha hodi na bakuli la uji wa mtama. "Kunywa kwanza, mwanangu. Mola hamtupi mja wake." Nilikunywa uji ule nikilia, na nikajua ni nani aliyenitumia bakuli lile.

Sasa Zaburi yenyewe, ya 131. "Hakika nimeituliza nafsi yangu, na kuinyamazisha. Kama mtoto aliyeachishwa kifuani mwa mama yake."

Mtu asiyewahi kumwachisha mtoto ziwa anaweza kudhani hii ni picha ya kitoto kichanga kinachonyonya kikasinzia. Siyo. Mimi mwanangu nilimwachisha alipokaribia miaka miwili, na mama mkwe wangu ndiye aliyeniletea shubiri. Nilijipaka, akaja mbio kama kawaida yake, akaonja, akanitazama usoni. Sitasahau macho yale. Alikuwa anajua maziwa yapo na anajua mimi ndiye ninayemnyima. Usiku wa kwanza alilia hadi sauti ikakauka, akinipiga kifuani na viganja vyake. Mama mkwe akasema, "Usimpe, na usimweke mbali nawe. Mshike." Usiku uliofuata alilia kidogo. Baada ya siku kadhaa, alipanda mapajani mwangu, akalaza kichwa pale pale kifuani, hakutafuta kitu, akalala. Alichokuwa akikitaka hakukipata, na kwa mama hakuondoka.

Kwa kukumbuka usiku ule ndipo nilipoielewa Zaburi, na nilichelewa, maana mtoto alikuwa ameshaanza shule. Mwandishi hasemi nafsi yake imetulia kwa sababu amepewa alichoomba. Inawezekana hajapewa. Anasema ameacha kujishughulisha na "mambo yashindayo nguvu zangu", na kwamba bado yuko kifuani. Mimi nilikuwa nangoja mtoto apone ndipo nipumzike, na Zaburi inaniambia pumziko lipo hata kabla ya jibu, kwa sababu anayetupumzisha yupo kabla ya jibu.

Tangu hapo usiku wetu una mpangilio. Natoa dawa, naijaza chupa ya maji naiweka mezani, nampima joto nikiwa na shaka. Halafu naweka mkono kichwani mwake na kusema kwa sauti anayoisikia: "Bwana, huyu alikuwa wako kabla hajawa wangu. Nimefanya ya leo. Yaliyobaki ni yako." Kisha mkono nauondoa. Hilo la kuuondoa mkono lilikuwa gumu kuliko maneno yote. Zipo siku nimeuondoa na ukarudi wenyewe, nikauondoa tena. Petro anasema tumtwike yeye fadhaa zetu zote, kwa maana yeye hujishughulisha sana kwa mambo yetu. Mzigo niliomtwika jana jioni, asubuhi nikiamka mara nyingi naukuta mgongoni kwangu. Namtwika tena. Sioni kwamba anachoka kupokea.

Hapa kuna jambo linaloniuma na lazima niliseme wazi. Mhubiri mmoja, kwenye mkutano wa hadhara, aliwahi kuniambia mbele ya watu kwamba kama kweli nimemwachia Mungu mtoto huyu, dawa nitazitupa. Wapo wazazi waliowahi kuambiwa hivyo na wakatii. Ndugu zangu, huko si kujisalimisha. Isaya alipopelekwa kwa mfalme Hezekia na habari njema ya kuongezewa miaka 15, aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi ya Mungu na dawa vilikuja kwa mkono wa nabii mmoja. Luka, aliyetuandikia Injili, Paulo anamwita tabibu mpendwa. Na Paulo huyo huyo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Anayekuambia umnyang'anye mtoto vidonge ili uthibitishe imani yako hajasoma Biblia hadi mwisho.

Yesu mwenyewe, katika aya ile tunayoipenda sote ya Mathayo 11, baada tu ya kusema, "Nami nitawapumzisha," anasema, "Jitieni nira yangu." Nira ni chombo cha kazi. Ng'ombe akivishwa nira hapelekwi kulala, anapelekwa shambani, ila hayuko peke yake. Kwa hiyo mimi bado naamka saa tisa. Unga bado unakandwa kwa tui la nazi na iliki, karai bado liko motoni, mtoto bado ana kliniki. Kilichoondoka ni ule woga kwamba nikisinzia tu, dunia ya mwanangu itaanguka. "Hatasinzia wala hatalala usingizi, Yeye aliye mlinzi wa Israeli." Muuguzi yule alinifundisha aya hiyo kabla sijaikumbuka.

Nataka pia kusema neno kwa wale ambao jibu lilikuja, na lilikuwa hapana.

Huku upande wetu wa Nyali, ng'ambo ya Mji wa Kale, kuna kaburi la Rosina Krapf. Alikuja Mombasa na mumewe mmisionari, Johann Ludwig Krapf, mwaka 1844. Julai ya mwaka huo huo homa ilimuua, na binti yao aliyekuwa na siku chache tu naye akafa. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Alikuwa ameshaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mwezi mmoja kabla ya msiba, na akaendelea. Mwaka 1846 Rebmann, mmisionari mwenzake, akaja, wakaanza kazi Rabai, nje kidogo ya Mombasa. Nimewahi kusimama pale kaburini na mwanangu, na nikawaza jambo ambalo daktari alinieleza zamani: chembe hii ya seli mundu imeenea hapa pwani kwa sababu mtu aliyebeba moja tu hulindwa dhidi ya malaria kali. Mababu zetu waliokuwa nayo walipona homa iliyomzika Rosina, na mjukuu wao anaumwa kwa sababu hiyo hiyo. Sina maelezo ya kuyapatanisha hayo mbele za Mungu. Ni moja ya yale mambo makuu ambayo Zaburi inaniambia nisijitwike. Ninachoweza kusema ni kwamba mume na baba yule hakuwa mtu wa imani haba, na alizika.

Kwa hiyo mtu asije kukwambia kwamba ukijisalimisha vizuri utapata utakacho. Bwana wetu huko Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke, akaomba hivyo mara tatu, akiwa na huzuni kiasi cha kufa. "Walakini si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe." Aliomba kwanza alichotaka. Mimi bado naomba mwanangu apone, naomba kila siku bila aibu, na wewe uombe. Kumwachia Baba hakukuzuii kumwambia unachotaka.

Mwezi uliopita alikuwa amelala mapajani mwangu, magoti yamempata tena, ingawa safari hii ni maumivu ya kumaliziwa nyumbani. Ana miaka 11 sasa, miguu inaning'inia nje ya kochi. Akaniuliza, "Mama, Mungu ataniponya lini?"

"Nimemwomba. Hajanijibu."

"Amekasirika?"

"Hapana, mwanangu. Yuko hapa na sisi."

Akafikiri. "Basi niletee maji." Akanywa chupa nzima, akalala, na mimi nikalala pale pale kwenye kochi hadi kengele ya simu ikaniita kwenye unga.

Kliniki yetu inayofuata ni Jumatano. Kama mtoto wako amepimwa juzi na unaogopa kwenda peke yako, nitafute baada ya ibada ya kwanza, tupande tuktuk moja. Na homa ikimpata usiku kabla ya hapo, usingoje kupambazuke wala usingoje mchungaji. Mpeleke hospitali, utaomba njiani.