Madirisha ya Bibi, Gilleleje

Mwaka 2007 nilikuwa nasoma katika chuo cha wananchi cha kimataifa mjini Helsingør, Denmark. Ni chuo kilichoanzishwa mwaka 1921, miaka michache tu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ili vijana wa mataifa yaliyopigana wakae meza moja na kula sahani moja. Sikukuu zikifika, wenyeji walikuwa wakitukaribisha majumbani. Mimi nilikaribishwa na familia ya Gilleleje, mji wa wavuvi ulio mwisho wa reli ndogo inayofuata pwani.

Baba mwenye nyumba alinipokea stesheni. "Karibu sana, ndugu. Pole na safari." Nilisimama na begi mkononi nikimtazama. Kumbe miaka ya 1980 alikuwa fundi kwenye mradi wa maji vijijini mkoani Iringa, ule uliogharamiwa na Danida, shirika la misaada la Denmark, na kabla ya kupelekwa huko alifundishwa Kiswahili Usa River, Arusha. Kiswahili chake kilikuwa kimebaki palepale enzi za Mwalimu: kila mtu ni ndugu, kila kazi ni ujenzi wa taifa. Wadenmark wenyewe huitana kwa majina matupu, hata mkuu wa chuo, lakini mimi mtu wa Kagera nisingeweza. Nikamwita Baba, mkewe Mama, wakapokea.

Ilikuwa Alhamisi, Mei 3, mkesha wa Siku Kuu ya Maombi, sikukuu waliyokuwa nayo tangu mwaka 1686. Zamani siku hiyo waokaji hawakuruhusiwa kufanya kazi, kwa hiyo walioka skonzi siku moja kabla ili watu wazipashe moto kesho yake. Watu hawakuwa na subira, wakawa wanazila jioni ileile, na ikawa ndiyo desturi. Mama alizipasua katikati, akazichoma kidogo, akazipaka siagi ikayeyuka. Nilipouma tu nikakutana na iliki, hii hii tunayotia kwenye chai. Nilikula bila kuhesabu, na kila nilipomaliza Mama alinisogezea nyingine. Sikukuu hiyo imefutwa kuanzia mwaka 2024 ili serikali ipate fedha zaidi za ulinzi. Habari hiyo iliniuma kama vile ni sikukuu ya kwetu.

Kesho yake jioni, Mei 4, Baba alichukua boksi la mishumaa myeupe, tukaenda sote na watoto kwa mama yake, aliyekuwa akiishi peke yake kwenye nyumba ya zamani karibu na bandari. Huyo nilimwita Bibi. Mitaa ya kule chini inanuka samaki wa kukaushwa kwa moshi, nikajisikia niko mwaloni Bukoba. Ilikuwa inakaribia saa mbili usiku na jua lilikuwa bado juu ya paa.

Bibi hakutaka msaada wa kupanga. Aliwasha kiberiti, akapitisha moto chini ya mshumaa mpaka nta ilainike, akaukandamiza kwenye kinara cha shaba na kuushikilia mpaka usimame wima. Mishumaa miwili kila dirisha. Mapazia alikuwa ameyafunga pembeni kwa utepe. Alipofika dirisha la jikoni akanipa mimi kiberiti, akanionyesha kwa kidole: hilo lako.

Tukakaa mezani, naye akasimulia kwa Kidenmark, Baba akinitafsiria kwa Kiswahili cha Iringa. Wajerumani waliingia Aprili 9, 1940, na tangu hapo kila dirisha la nchi lilifunikwa kwa karatasi nyeusi usiku. Mwanga ukipenya tu ni kosa. Jioni ya Mei 4, 1945, saa 2:35, baba yake alikuwa ameinamia redio akisikiliza idhaa ya Kidenmark kutoka London. Mtangazaji akakatisha taarifa, akanyamaza kidogo, kisha akasoma kwamba Montgomery, jemadari wa Uingereza, ametangaza majeshi ya Wajerumani yaliyoko Uholanzi, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani na Denmark yamesalimu amri. Mama yake alipanda juu ya kiti, akaichana ile karatasi nyeusi kwa mikono, akaweka mshumaa dirishani. Hapo mdogo wake Bibi, mtoto wa miaka minne, akaangua kilio. Alikuwa amezaliwa gizani, hajawahi kuona dirisha la usiku likiwa wazi. Alikimbia kuuzima ule mshumaa kabla askari hawajaja, ikabidi ashikwe.

Bibi alicheka alipofika hapo, akafuta macho kwa kiganja.

Ya Oktoba 1943 hakuyasema kirefu. Wayahudi wa Denmark zaidi ya 7,000 walivushwa baharini kwenda Uswidi ili wasikamatwe na Wajerumani, wengi kwa mashua za wavuvi, na Gilleleje ilikuwa moja ya bandari zao. Nyumbani kwao walilala watu asiowajua, asubuhi hawapo. Lakini wapatao 80 waliokuwa wamefichwa kwenye dari ya kanisa walikamatwa na Gestapo, polisi wa siri wa Wajerumani, usiku mmoja. Kanisa lenyewe tulikuwa tumepita mbele yake tukija, na Baba alikuwa amepunguza mwendo bila kusema kitu.

Kisha Bibi akanigeukia. Ninatoka sehemu gani hasa? Baba akamweleza kuhusu Kagera. Yeye alifika Tanzania mwaka 1983, akakuta foleni za sukari na sabuni, nchi bado inauguza gharama za vita ya Amin. Bibi akasikiliza, halafu akauliza mama yangu alikuwa wapi. Nikasema nyumbani kwao ni upande wa kaskazini wa mto Kagera, na askari wa Amin walipoingia mwishoni mwa Oktoba 1978 alikimbia na wenzake wakavuka. Alikuwa binti mdogo.

"Alivuka usiku au mchana? Alikuwa na nani? Alibeba nini?"

Sikuwa na jibu hata moja. Kwetu ilisemwa "mwaka wa vita" basi, tukautumia kuhesabia umri wa watu. Kaburi za askari pale Kaboya nilizijua, nimezizuru na shule, lakini mama yangu mzazi sikuwahi kumuuliza. Bibi hakunisukuma. Alinimiminia kahawa, akanisogezea sukari.

Tulirudi saa nne, giza limeshaingia. Mtaa mzima ulikuwa na moto mdogo mdogo nyuma ya vioo vya madirisha, nyumba kwa nyumba mpaka bandarini, ingawa Baba alisema zamani ilikuwa zaidi.

Jumapili nilipofika Helsingør nilinunua kadi ya simu nikapiga Bukoba.

"Nani kakuuliza hayo?" mama alisema.

"Bibi mmoja wa huku. Naye aliona vita akiwa mtoto."

"Kadi yako ina dakika ngapi, mwanangu?"

Nikamwambia asijali. Akaanza na mbuzi, jinsi walivyowafungulia kamba asubuhi ile kwa sababu hakuna aliyejua watarudi lini. Alikuwa amefika darajani Kyaka, mdogo wake mgongoni na sufuria kichwani, kadi ikakatika. Nikarudi dukani kununua nyingine.