Nisomee Mama Zao

Machi 2023, ulipotangazwa utafiti wa DNA (chembe za urithi) ya Waswahili wa kale, nilijua wa kwanza kumpelekea habari ni ami. Yeye ndiye mtunza shajara ya ukoo wetu: karatasi ndefu iliyotoboka kwenye mikunjo, nyuma imebandikwa gundi ya karatasi. Majina yanateremka kutoka Shiraz, mji wa Uajemi, fulani bin fulani bin fulani, bila kituo.

Nilimkuta barazani kwa bibi, nikamsomea kwenye simu. Wanasayansi, akiwemo Profesa Chapurukha Kusimba aliyechimba magofu ya pwani miaka mingi, walipima mabaki ya watu 80, wengi wao wa miji ya pwani kama Mtwapa, Manda na Kilwa, waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800. Wakakuta damu ya Kiafrika na ya Kiajemi zilianza kuchanganyika yapata mwaka 1000.

Ami akajipiga paja. "Si nilisema! Na wasomi wao wakatuambia ni hekaya!" Akataka nirudie pale penye Waajemi. Nikarudia. (DNA haitaji mji, lakini kwa ami Uajemi wote ni Shiraz.)

Nikaendelea na sehemu ambayo yeye hakuwa na haja nayo. Kromosomu Y, kifungu cha DNA walicho nacho wanaume, baba humrithisha mwanawe wa kiume; DNA ya mitokondria, vijisehemu vya ndani ya seli, sote twaipata kwa mama tu. Katika mifupa ile, Y nyingi zilikuwa za upande wa Uajemi, ilhali mitokondria karibu zote zilikuwa za Kiafrika. Waliovuka bahari, basi, zaidi walikuwa wanaume, na wake zao walikuwa wenyeji.

Bibi alikuwa akisuka ukili, hata uso hakuinua. "Hebu ifungue hiyo karatasi yako, mwanangu. Nisomee mama zao."

"Mama, wanawake hawaandikwi kwenye shajara."

"Kumbe walizaana wao kwa wao!"

Nilicheka hadi ami akanikata jicho. Lakini bibi alikuwa na haki. Watoto wa ndoa zile walikua wakisema Kiswahili, lugha ya Kibantu, si Kiajemi; nani aliyewafundisha kama si hao wasioandikwa?

Ami akaniomba kalamu. Nilipompa akairudisha, akataka penseli. Akamuuliza bibi jina la mamake, na la mama wa mamake, akaandika pembeni kwa herufi ndogo ndogo. Bibi akamwambia akoleze, hayasomeki.